Sori Ziko Mbili

Msiende kituo cha polisi na njaa. Najua nyinyi mnaoianza kazi hii mmefundishwa sheria, haki za mtoto na namna ya kujaza karatasi, na yote hayo ni mema. Ila sidhani kama kuna aliyewaambia habari za tumbo, kwa hiyo nawaambia mimi. Ukiitwa kukaa na mtoto aliyekamatwa, utaambiwa uje haraka, mambo yanaanza sasa hivi. "Sasa hivi" ya polisi ni ndugu yake "kesho ipo tayari" ya fundi cherehani. Wakili hajafika, chumba kina watu, mwenye ufunguo amekwenda kula. Utakaa kwenye benchi tumbo likinguruma mpaka askari wa mapokezi ageuke kutazama nani kaingia na mbwa. Bebeni ndizi. Chipsi zenye siki msibebe, harufu yake hupita chini ya mlango ikamfikia mtoto aliyefungiwa, naye atakuchukia kabla hajakuona. Ndizi haimtesi mtu.

Kazi hii niliifanya London, zaidi upande wa Walthamstow, tangu miaka ya tisini mpaka magoti yaliponiambia basi. Sheria ya huku haitaki mtoto ahojiwe na polisi peke yake. Lazima awe na mtu mzima upande wake, mzazi au mlezi. Mzazi akikosekana, au akiwa hawezi kukaa humo kwa sababu yoyote, huitwa mtu kama mimi. Mara nyingine mahakama ya watoto yenyewe ndiyo iliyotuomba, tukaketi kando ya mtoto ambaye kiti cha mzazi wake kilikuwa kitupu. Jina letu kwa Kiingereza cha sheria, ukiligeuza, linakuwa "mtu mzima anayefaa." Nilipomwambia mdogo wangu Zuhura, yule muuguzi aliyenivuta kuja huku, alicheka akashika ukuta. Akaniuliza wale wasiofaa wanaitwaje. Nikamwambia wanaitwa wauguzi.

Shule mimi niliiacha darasa la sita. Wazazi wetu walifariki kule Kigoma, nami ndiye mkubwa, kwa hiyo niliweka daftari nikashika sufuria. Mdogo wetu Idi alikuwa na kipaji cha kuvunja vioo vya madirisha. Kila alipovunja, mwalimu mkuu alitaka mzazi, na mzazi nilikuwa mimi, nimejitanda kanga ya marehemu mama nipate urefu. Nilikuwa nasimama pale, mwalimu anafoka, Idi anaitikia "ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu," na nikimuuliza njiani mwalimu amesema nini, hajui. Hata neno moja. Mtu mkubwa akikasirika, mtoto hasikii maneno, anasikia ngurumo tu, na huitikia ili mvua ipite. Hilo nimelikuta tena London, na watoto wa kila rangi. Mtoto akisema "ndiyo" kituoni, msiandike kwamba ameelewa.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Doreen, mama wa Kijamaika aliyekuwa amestaafu upishi kwenye kantini ya madereva wa mabasi. Alikuwa mnene, mpole, na hakuna askari aliyethubutu kumkalisha kwenye kiti kibovu. Tulikutana siku yangu ya kwanza, kwa aibu. Mimi neno "anayefaa" nilikuwa nimelielewa kuwa ni aliyevaa vizuri. Nikatoka na gauni la sikukuu, mkoba unaong'aa na viatu virefu. Askari wa mapokezi alinitazama juu mpaka chini, akaniambia kwa upole niweke vya mfukoni mezani na nivue hereni. Kumbe walikuwa wanamsubiri mama mmoja aliyekamatwa dukani na gauni asilolilipia. Doreen alitokea nyuma akasema huyo ni wetu, mrudishieni hereni zake. Kisha akaninong'oneza kwamba kuanzia kesho nivae kama mtu anayekwenda kununua vitunguu.

Doreen ndiye aliyenifundisha kumtaka mtoto arudie lile onyo kwa maneno yake mwenyewe. Mnalijua: huna lazima ya kusema chochote, lakini ukinyamaza juu ya jambo utakalolitegemea baadaye mahakamani inaweza kukudhuru, na utakachosema kinaweza kuwa ushahidi. Mvulana mmoja aliulizwa kama ameelewa, akasema ndiyo. Doreen akamwomba alieleze. Mtoto akafikiri, akasema: "Maana yake nikinyamaza nimekwisha, na nikisema nimekwisha." Askari akageukia wakili, wakili akageukia dari. Doreen akasema mtoto ameelewa kuliko sisi, tuendelee.

Kaeni kando ya mtoto, msikae mkabala naye. Mkabala ni mahali pa askari. Na zimeni simu zenu. Sisi tulikuwa na kile kidude cha kulia kiunoni ukiitwa kazini, na changu kiliwahi kulia msibani, wakati wa dua, nikatoka nje wafiwa wananitazama kama nimemfufua mtu. Mahojiano nayo yalirekodiwa kwenye kanda, mbili kwa mpigo, na mashine ilianza kwa mlio mrefu uliowarusha watoto kwenye viti. Baadaye zikaja sahani zile za kung'aa, na mlio ukapungua ukali. Kanda lakini zilikuwa na jambo moja zuri: ulikuwa unaziona zinazunguka. Hakuna mtu chumbani aliyeweza kusahau kwamba kila neno linaingia mle.

Na sasa niwaambie habari za Furaha, maana ndiyo niliyokaa kuiandika.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuta mama mmoja kwenye benchi la mapokezi, amevaa kitenge juu ya koti la baridi, mfuko wa mihogo miguuni. Aliposikia salamu yangu alisimama kama aliyemwona ndugu yake. Alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Uvira. Mimi ni wa Kigoma, kati yetu kuna ziwa tu, kwa hiyo kabla sijavua koti nilikwishakuwa dada yake.

Kisa kilikuwa hiki. Binti yake, Furaha, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amefuatana naye soko la Walthamstow. Mama amesimama kwenye mihogo anabishana bei, binti amesimama mbali kidogo, kama wanavyosimama watoto wa umri ule wasitake kujulikana wametoka na nani. Mtu akapita mbio, akampamia bibi mmoja wa Kizungu, akampokonya mkoba, mkoba ukamponyoka, bibi akaanguka. Yule mtu akayeyuka kwenye umati. Furaha akakimbilia pale, akaokota mkoba kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamwinua bibi, huku akisema, "Sori, sori, sori sana." Mwuza soksi akamkamata mkono wa koti. Mama yake akaja mbio akakamata mkono wa pili. Polisi walipofika walimkuta mtoto amevutwa huku na huku kama shuka linalokamuliwa.

Bibi aliwaambia polisi kwamba hakuona sura ya aliyempamia. Alichojua ni kwamba aliyekuwa na mkoba wake ni binti huyu, na alikuwa anaomba radhi mfululizo. Kama hakufanya kitu, radhi za nini?

Mama mtu hakuruhusiwa kukaa na mwanawe kwa kuwa alikuwa sokoni na yeye ni shahidi. Ndiyo nikaitwa mimi.

Mpelelezi alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya upole, na upole wake ndio uliotutia matatani. Alimweleza mama kwamba mtoto ni mdogo, hana kesi nyingine, na akikiri tu atapewa onyo rasmi aende nyumbani mchana uleule. Asipokiri, huenda mambo yakafika mahakamani. Hakumdanganya. Ila hakumwambia, au alimwambia na mama akasikia ngurumo tu, kwamba onyo lile huandikwa likakaa kwenye jina la mtoto, kosa la unyang'anyi.

Alipoondoka, Mama Furaha alinishika mkono.

"Dada, umwambie akubali. Sisi tuko na dosye yetu ya ukimbizi kule Croydon, kwa watu wa uhamiaji, haijajibiwa. Wakisikia mambo ya tribinali, watatufukuza wote."

Nikamwambia, "Lakini hakuiba, Mama Furaha."

"Najua hakuiba. Aombe msamaha, basi. Kuomba msamaha kunaua mutu?"

Msimcheke. Mmekulia kwenye nyumba za namna hiyohiyo. Kwetu mdogo huomba radhi ili yaishe, hata kama kosa ni la paka. Mimi mwenyewe nimewaombesha radhi wadogo zangu kwa mambo waliyofanya majirani. Lakini kazi yetu haituruhusu kupeleka ujumbe wa namna ile. Kumshauri akiri au asikiri ni kazi ya wakili. Yetu ni kuhakikisha mtoto anaelewa anachoulizwa, na kwamba wao wanaelewa anachojibu. Nikamwambia mama nimemsikia. Kumsikia nilimsikia kweli.

Furaha nilimkuta amejikunyata, mikono imeingia ndani ya mikono ya koti. Nikamsalimu Kiswahili, akanijibu Kiingereza. Nikamuuliza kama amekula, Kiswahili. Hajala, Kiingereza. Nikampa ndizi, na ndizi haina lugha. Wakili wa zamu, kijana mwenye tai iliyolegea na viatu vilivyolowa mvua, akazungumza naye, nami nikimwomba apunguze mwendo kila alipokimbia na maneno. Binti alimwambia hakuiba. Wakili akamweleza onyo rasmi ni nini na kwamba haliandikwi kwa maji. Binti akatikisa kichwa. Nikamwomba aeleze kwa maneno yake, akasema, "Ni kusema uongo halafu wanauweka."

Tulipokuwa ukumbini tunaelekea chumba cha mahojiano, mama alituona kwa mbali kupitia mlango wa kioo. Akasimama na mihogo yake akapaza sauti, kituo kizima kikasikia: "Furaha, omba musamaha tuende nyumba! Mwana wangu, kubali tu!"

Mpelelezi akaniuliza mama anasema nini.

"Mimi si mkalimani," nikamwambia. "Sheria zenu zenyewe zinasema mkalimani awe mtu mwingine."

Akanitazama. Nikatazama mkoba wangu. Lakini Furaha hakuhitaji mkalimani. Hata kama watoto wa huku hawajibu Kiswahili, masikio yao yanaingiza kila kitu, na nilimwona mabega yakishuka.

Tukaingia, mashine ikalia, kanda zikaanza kuzunguka. Kwenye kile kituo meza ya mahojiano ilikuwa imefungwa sakafuni kwa boliti, na viti vilevile, ili mtu asimrushie mwenziwe. Nani aliipima sijui, maana mtu mrefu hakuenea. Mpelelezi aliuliza vizuri, hatua kwa hatua. Ulikuwa wapi, ulisimama na nani, ulimwona nani. Furaha akajibu yote. Kisha akafika pale.

"Ulimwambia sori."

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Nyingi."

"Kama hukufanya kitu, Furaha, kwa nini uliomba radhi?"

Binti akaangalia mikono yake. Niliona anatafuta jibu na halipo, maana kwa Kiingereza halikuwepo kweli. Hata yeye alikuwa ameanza kujishuku. Macho yakamjaa. Akasema, taratibu sana, "Nikisema nilifanya mimi, mama yangu atakwenda nyumbani leo?"

Watoto wangu, hapo ndipo mahali penyewe. Mnaweza kukaa saa nzima mmenyamaza kama kabati, na hiyo ni sawa, mradi mjue dakika ya kufunguka mlango. Nikainua mkono.

"Samahani, afisa. Sidhani kama mtoto ameelewa swali, na sidhani kama nyinyi mmeelewa jibu. Muulize ni sori gani."

"Sori gani? Ziko ngapi?"

"Kwa mama yake ziko mbili."

Aliniambia, kwa adabu, kwamba sikuja kutoa ushahidi na wala si mkalimani, kama nilivyomwambia mwenyewe ukumbini. Nilistahili. Wakili akafungua kinywa kusema neno, mpelelezi akageuka ili amsikie vizuri, akavuta miguu yake mirefu, na goti lake likagonga chuma cha chini ya meza. Ule mlio niliusikia kwenye meno. Jamaa akauma mdomo, akafumba macho.

"Sori," akasema Furaha, mbiombio, amenyoosha na mkono.

"Si kitu, mpenzi," akasema mpelelezi, amefumba macho bado. "Si kosa lako."

Mashine inazunguka, kri, kri, kri. Wakili alikuwa anaitazama. Akaivuta tai yake akaikaza kwa mara ya kwanza mchana ule, akainamia kinasa sauti.

"Naomba kanda ionyeshe kwamba mteja wangu amesema sori, na kwamba afisa amethibitisha hakuwa na kosa."

Niliuma shavu kwa ndani. Mliopata kuuma shavu mbele ya kanda mnajua mateso yake, kwa sababu kanda haichukui uso lakini pumzi za puani inazichukua zote. Mpelelezi alifumbua macho. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Angeweza kukasirika, na angekasirika tungeishia pabaya. Badala yake alijisugua goti, na alipozungumza alikuwa anamwambia mtoto tu, sisi wengine hatupo.

"Haya, Furaha. Sori hii uliyoniambia sasa hivi ni ipi?"

Binti akanigeukia. Nikamwambia ajibu anavyojua yeye, kwa lugha yoyote.

"Pole," akasema. Kiswahili. Ndilo neno la kwanza la Kiswahili nililolisikia kinywani mwake, na lilikuwa na lafudhi ya Walthamstow. Kisha akarudi kwenye Kiingereza. "Mama huisema mtu akianguka. Au akichoka, au akikohoa, anamwambia hata asiyemjua kwenye basi. Si kwamba umefanya wewe. Ni kumwambia nimeona umeumia."

"Na yule bibi ulimwambia ipi?"

"Hiyohiyo. Alikuwa ameanguka."

Mpelelezi aliandika, akafunga mahojiano, akatoka anachechemea kidogo. Tulingoja. Wakili akala ndizi yangu ya pili bila kuuliza. Mpelelezi alirudi kwa mwuza soksi na kwa yule bibi, na kumbe hakuna aliyewahi kuwauliza kama walimwona binti akikimbia. Mwuza soksi alikiri alimkuta amepiga magoti. Bibi akasema aliyempamia alitokea nyuma, na sori zilitokea mbele. Jua lilikuwa bado lipo tulipoambiwa Furaha aende zake, bila shtaka na bila onyo, na jina lake safi.

Tangu siku hiyo, nilipopewa mtoto wa nyumba yenye lugha nyingine, Kiswahili, Kisomali, Kituruki, yoyote, nilikuwa na swali moja la ziada kabla hatujaingia chumbani: nyumbani kwenu hilo neno mnalisema lini? Siyo maana yake. Maana watakupa ya shuleni. Waulizeni linasemwa lini.

Nilitoka nao mpaka kituo cha basi. Furaha alitembea mbele yetu, mwendo wa yule aliyepigiwa kelele ukumbini akubali kosa lisilo lake, mbele ya kituo kizima. Mama akatua mfuko wa mihogo, akaunyanyua, akautua tena. Mnajua ni nini mzazi wa kwetu kusema neno la radhi kwa mtoto. Mimi nimelea watatu na sikumbuki kulisema. Mwishowe akamgusa shavu.

"Pole, mwana wangu."

Furaha akamtazama. Na nawaambia, alijibu Kiswahili, chote.

"Siyo hiyo, Mama. Ile ingine."

Nilijifanya nasoma ratiba ya mabasi. Nyuma yangu nikasikia mama ameanza kucheka, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kitu kingine, halafu akasema, chini kabisa, "Unisamehe."

Basi letu likaja, likapunguza mwendo, na hakuna hata mmoja wetu aliyenyoosha mkono kulisimamisha.